Alifunga, kisha akatemwa: mpwa wangu amekosea wapi?

SWALI: Kocha, habari za kazi. Naishi Minnesota na nimekuwa mfuatiliaji wa NFL, ligi ya soka ya Kimarekani, tangu nihamie huku. Mtoto wa dada yangu amemaliza kucheza chuo, ni mpokeaji, yaani anayedaka pasi. Drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa raundi, ilipita bila jina lake kutajwa, ila jioni ileile timu mbili zikampigia simu, akasaini kwa waliotoa dola elfu kumi zaidi. Mechi tatu za maandalizi za Agosti kapokea mipira kumi na mmoja na kafunga tachidauni moja, yaani kauvusha mpira mstari wa mwisho. Pasi moja iliibwa na wapinzani, lakini kotabeki, yule mrusha pasi, alimtupia hewani. Siku ya kupunguza kikosi akatemwa. Yule wa raundi ya tano, aliyedondosha mipira mbele ya macho yetu sote, akabaki. Sasa kijana yuko nyumbani, simu haiiti. Namkumbusha habari za Kurt Warner, kotabeki aliyetemwa kisha akang'ara. Ni upendeleo, au kuna kitu sisi hatukioni? Na je, arudi chuo amalizie masomo mawili yaliyobaki ya shahada au aendelee kusubiri?

JIBU: Mjomba, pole. Mpe pole na dada.

Kabla ya kukujibu nimezitazama tena zile mechi tatu, daftari mkononi, kama nilivyokuwa nikifanya miaka niliyofundisha vikosi maalumu, wale wanaoingia mpira unapopigwa teke, chuoni. Mipira aliyopokea sikuihesabu, hiyo umeshanihesabia wewe. Nilichohesabu ni kila mara alipokuwa uwanjani na alipelekwa kufanya nini. Kwenye mashambulizi aliingia mara 58. Kwenye vikosi maalumu, yaani zile zamu za mateke, mara 5. Huyo wa raundi ya tano unayemlalamikia: mashambulizi mara 47, vikosi maalumu mara 24, na nyingi katika hizo 24 zilikuwa robo ya kwanza, akiwa amepangwa pamoja na watu ambao ajira yao haina shaka.

Sehemu kubwa ya jibu lako imo kwenye namba hizo. Zilizobaki ni hesabu ya viti, pesa, na jambo moja ambalo kijana mwenyewe analijua ingawa nina wasiwasi hajawaambia nyumbani.

Kambini timu inaruhusiwa watu 90. Siku ya kupunguza, wabaki 53. Zamani walikuwa wanapunguza kwa awamu, lakini tangu 2023 panga linashuka siku moja. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 26 Agosti, mwisho saa kumi jioni kwa saa za mashariki ya Marekani. Zidisha 37 kwa timu 32 utapata watu 1,184. Wengine wanakwenda kwenye orodha ya majeruhi na mambo mengine kama hayo, lakini ndio ukubwa wa foleni aliyokuwemo mpwa wako saa ileile.

Sasa shuka kwenye nafasi yake. Wapokeaji huingia kambini kumi na moja au kumi na wawili, hubaki watano, sita kwa timu yenye ukarimu. Timu aliyokwenda ilikuwa na watatu ambao hata wangelala mwezi mzima wasingeguswa. Ilikuwa na mkongwe mmoja aliyeongezewa mkataba. Halafu Aprili ikachagua wapokeaji wawili kwenye drafti, wa raundi ya pili na huyo wa raundi ya tano. Kabla kijana hajafunga kamba za viatu, viti sita vilishakaliwa. Alikuwa akigombea kiti ambacho kingekuwepo tu kama mtu angeumia.

Hapa nina neno na aliyewashauri. Drafti ya 2025 ilikuwa na wachaguliwa 257 katika raundi saba. Raundi ya saba inapokaribia kwisha, simu zinaanza kulia kwa wale waliobaki, na timu tatu nne zinaweza kumtaka mtu mmoja. Ndiyo faida pekee ya kutochaguliwa: unachagua wewe. Wakala mzuri saa hiyo anakuwa na karatasi mbele yake yenye wapokeaji wa kila timu, umri wao, na mikataba yao inaisha lini. Wakala mvivu anasikiliza nani katoa bonasi kubwa zaidi ya kusaini. Umeniandikia mwenyewe kwamba timu mbili zilimpigia na akaenda kwa waliotoa dola elfu kumi zaidi. Hiyo elfu kumi, mjomba, ilimgharimu kiti.

Tukirudi kwenye zamu za mateke. Watu wengi wanaofuatilia mchezo huu wanaziona kama mapumziko ya kwenda kuchukua soda. Kwa kocha anayepanga watu 53 mambo ni tofauti. Siku ya mechi wanaovaa jezi ni 48. Mpokeaji wa kwanza, wa pili na wa tatu wanamaliza karibu kazi yote ya kupokea. Wa tano huenda akaingia kwenye mashambulizi mara tatu mchezo mzima. Sasa atakula mshahara kwa kazi gani? Atakimbia chini ya teke la kuanzia, atamzuia mtu kwenye teke la kurudishiwa, atakuwa yule wa pembeni anayefyatuka mpira unapopigwa juu kuwapa wapinzani. Kwa hiyo kiti cha tano na cha sita havigombewi kwa mikono. Vinagombewa kwa miguu na bega, na mwenye sauti kubwa kuhusu viti hivyo ni kocha wa vikosi maalumu.

Wewe uko Minnesota, mfano unao mlangoni. Mpokeaji Adam Thielen alizaliwa Detroit Lakes, akasoma chuo cha Mankato, hakuchaguliwa na mtu. Mwaka 2013 aliingia kambi ya Vikings, timu ya huko kwenu, kwa majaribio, hata mkataba hakuwa nao. Msimu mzima akakaa kikosi cha mazoezi, wale wanaofanya mazoezi na timu bila kuwa kwenye 53. Mwaka 2014 alipopata kiti, kilichomweka pale ni mateke: kwenye mechi dhidi ya Carolina alizuia teke, akauokota mpira na kukimbia nao hadi kufunga. Zile yadi zake zaidi ya elfu moja kwa msimu zilikuja 2017 na 2018, watu wakasahau alianzia wapi. Mlango huohuo ndio aliopitia Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga bila kuwahi kucheza mchezo huu, Indianapolis Colts wakamchukua 2013. Desemba mwaka huo alipoingia uwanjani aliingia kwa ajili ya mateke, kwa sababu kukimbia na kumwangusha mtu alikuwa anakujua tayari.

Sasa tazama zamu moja kati ya zile tano za mpwa wako. Mechi ya pili, robo ya nne, timu yake inapiga mpira kuwarudishia wapinzani. Yeye yuko kulia kabisa, peke yake, na mbele yake wamesimama wawili wa kumzuia. Mpira unapoanza anajaribu kupita nje. Wanamsukuma, anavuka mstari. Hadi hapo hana kosa, wawili kwa mmoja ni kazi ngumu. Kanuni inasema ukisukumwa nje unaruhusiwa kurudi, ila urudi mara moja. Sasa simamisha picha. Amekimbia nje ya mstari hatua sita, saba, nane, anatazama mpira angani. Anaporudi ndani, anarudi kwa mwendo wa mtu anayewahi basi ambalo ameshaona limeondoka. Aliyedaka mpira anapita upande huohuo, anachukua yadi kumi na nne. Kwenye televisheni hukumwona kabisa, kamera ilikuwa kwa mwenye mpira. Lakini kwenye chumba cha video, kesho yake saa mbili asubuhi, picha hiyo ilisimamishwa kwenye ukuta mbele ya watu sitini. Nakuhakikishia, maana mimi ningeisimamisha.

Na mechi ya tatu hakupewa zamu hata moja ya mateke. Hapo ndipo mimi ningejua, kabla ya simu yoyote.

Jambo la pili ni lile ambalo huenda hajawaambia. Unakumbuka ule mpira ulioibwa mechi ya pili, jaribio la tatu kati ya manne, zikiwa zimebaki yadi saba za kusogea? Watangazaji walimsema kotabeki, nawe umeniandikia kwamba "kotabeki alimtupia hewani." Nimeurudia mara nyingi. Mpwa wako alianza kwa ndani, ile nafasi ya karibu na mstari wa wazuiaji. Kwa mchoro wa namna ile mpokeaji hapewi njia moja, anapewa mbili, na anayeamua ni mlinzi wa nyuma. Akisimama mmoja katikati ya uwanja, mpokeaji anakatia nje. Wakiwa wawili wamegawana uwanja, katikati panabaki wazi, anakatia ndani. Kabla mpira haujaanza, alionekana mmoja. Mpira ulipoanza, mwingine aliyekuwa amejificha karibu na mstari akarudi nyuma mbio, wakawa wawili. Kotabeki akaliona hilo akatupa katikati, kwa sababu kwenye ligi hii mpira hutupwa kabla mpokeaji hajageuka. Kijana akakatia nje. Alisoma picha ya kabla ya mpira, na picha ilikuwa imeshabadilika.

Ile mipira miwili ambayo wa raundi ya tano aliidondosha inauma macho. Lakini kila mara alikuwa mahali alipotakiwa kuwa. Mwenye mikono mibovu kidogo anafundishika, wanampigia mashine ya kurusha mipira mia kila siku. Mtu asiyejulikana atakatia wapi anamfukuzisha kazi kotabeki, na makocha wanamwogopa.

Usimwone mjinga kwa hilo. Wa kundi la nne kambini anapata zamu chache sana za mazoezi. Wa kwanza wanajirudia, wa pili wanajirudia, yeye anasimama pembeni na kofia ya chuma mkononi, anajifunza kwa kutazama. Halafu anapoingia anatarajiwa ajue kila kitu. Nusu ya ligi imepitia hapo. James Harrison, ambaye 2008 alikuwa mlinzi bora wa mwaka, hakuchaguliwa 2002, na Pittsburgh walimtema zaidi ya mara moja. Miaka ile ya mwanzo mbinu zilikuwa zinamchanganya hadi anakwama katikati ya mazoezi. Mwili alikuwa nao muda wote.

Mipira kumi na mmoja na tachidauni moja, basi, ni bure? Si bure, ila bei yake ni ndogo kuliko mnavyodhani. Mingi aliipokea robo ya nne, na wanaomkaba saa hizo ni watu ambao nao wiki hiyo wanatemwa. Mpokeaji Victor Cruz alifunga tachidauni tatu katika mechi moja ya Agosti 2010 dhidi ya Jets, Giants wakamweka kikosini, nchi nzima ikalijua jina lake. Msimu ulipoanza hakupokea mpira hata mmoja, akaumia, akawekwa pembeni. Yadi 1,536 za kupokea zilikuja mwaka uliofuata.

Umeuliza kama ni upendeleo. Ndiyo, upo, na hauna kificho. Aliyechaguliwa raundi ya tano ana mkataba wa miaka minne na bonasi aliyokwisha pewa. Ukimtema, ile bonasi inabaki kwenye hesabu zako za ukomo wa mishahara, kile kiasi cha juu timu inachoruhusiwa kulipa, wakati mtu mwenyewe hayupo. Tena kuna meneja mkuu aliyemchagua mbele ya mwenye timu Aprili. Hataki kusimama Agosti kusema nilikosea. Mpwa wako alisaini miaka mitatu ya makaratasi, na kumtema hakukuwagharimu kitu cha maana. Wakilingana, anabaki mwenye gharama. Hata akizidiwa kidogo anabaki mwenye gharama. Asiyechaguliwa anatakiwa amzidi mwenzake kwa kiasi ambacho hata mtu aliyekaa jukwaa la juu kabisa atakiona. Si haki, na sitakudanganya kwamba itabadilika.

Lakini upendeleo haukumpangia zamu tano za mateke. Hapo kuna la kwake.

Mnajiuliza kwa nini timu nyingine 31 hazikumchukua. Mchezaji mchanga akitemwa, hadi saa sita mchana kesho yake timu yoyote inaweza kumdai. Shida ni kwamba ukimdai lazima umweke kwenye 53 wako, yaani umteme mtu uliyekaa naye kambi nzima kwa ajili ya mtu uliyemwona kwenye video. Kwa hiyo wanaodaiwa ni wachache. Baada ya hapo timu zinajaza kikosi cha mazoezi, watu 16, na hapo ndipo nilitegemea jina lake. Kwa msimu wa 2025 mchanga wa kikosi hicho alilipwa dola 13,000 kwa wiki. Kwa wiki zote 18 ilikuwa 234,000. Aliyekuwa kwenye 53 alianzia 840,000 kwa msimu. Ila nafasi sita katika hizo 16 wanaruhusiwa wakongwe wa umri wowote, na timu yake ilimpa mkongwe kiti cha mpokeaji. Ni hesabu ya viti tena.

Kurt Warner mnamtaja sana kwenye mazungumzo haya, wewe pia umemtaja. Watu husimulia supamaketi ya Iowa alikopanga bidhaa kwenye rafu baada ya Green Bay kumtema 1994. Husahau kwamba mbele yake pale kambini walikuwepo Brett Favre, Mark Brunell na Ty Detmer. Angefanya nini? Na husahau kwamba 1999 aliingia kwa sababu Trent Green wa Rams aliumia goti kwenye mechi ya maandalizi. Warner alikuwa tayari, hilo ni lake. Kiti kilifunguliwa na goti la mtu mwingine.

Na kijana afanye nini sasa? Septemba na Oktoba ndio msimu wa majeruhi. Timu huita watu kwa majaribio, mara nyingi Jumanne, wakimbie dakika arobaini na kurudishwa uwanja wa ndege. Wengi hurudi mikono mitupu mara tatu nne kabla ya kupata. Akiitwa, kocha wa vikosi maalumu atamuuliza umecheza wapi. Kama atajibu "popote mtakaponiweka," ameshapotea. Anatakiwa ataje nafasi zake kwa namba, kushoto na kulia, kwenye aina zote nne za mateke. Hizo atazipata kwa kufanya mazoezi ya nafasi hizo sasa hivi, na rafiki wawili wa kumzuia, kwenye uwanja wowote wa shule. Teke la kuanzia lenyewe limebadilika tangu 2024. Wakimbiaji wanapangwa kwenye yadi ya 40 ya wapinzani na hawasogei mpaka mpira uguswe au udondoke, kwa hiyo mbio ndefu hazina tena maana kubwa kama hatua tatu za kwanza na mikono ya kujinasua. Atazame video za msimu uliopita, afanye hizo hatua tatu mpaka achoke nazo.

Ikifika Januari bila kitu, timu husaini watu kwa ajili ya kambi ijayo, na hapo afadhali achague kwa hesabu ya wapokeaji, asitazame bonasi. Ligi ya UFL, ligi nyingine ndogo ya Marekani, huchezwa majira ya kuchipua. Kanada nako kuna nafasi: uwanja ni mrefu na mpana zaidi, majaribio ya kusogeza mpira ni matatu badala ya manne, hivyo mpira unatupwa sana na mpokeaji anaonekana. Idadi ya Wamarekani wanaoruhusiwa ina kikomo, kwa hiyo aende kwa aliyemwita, asijipeleke tu. Na akitokea mtu anayetaka alipwe dola mia tatu ili kijana "aonekane na maskauti" kwenye kambi fulani hotelini, mfungieni mlango. Wakala halali anachukua asilimia, isiyozidi tatu, baada ya mchezaji kulipwa.

Huyo wakala mliye naye, kaeni naye mezani mumuulize karatasi ya wapokeaji iko wapi. Akianza kueleza habari za moyo na kujituma, tafuteni mwingine.

Kuhusu shahada: umesema amebakiza masomo mawili. Sioni cha kuchagua hapo. Ajiandikishe yote mawili kwa njia ya mtandao, asome jioni, asubuhi akimbie. Haviingiliani. Ila simu asiizime, hasa Jumatatu usiku, maana wito wa Jumanne huja saa nne, saa tano, na tiketi ya ndege huwa ya alfajiri.